Namba Moja Ilikuwa ya Mlango

Mkuu wa chuo chetu alitaka namba moja. Hakutaka mbili, hakutaka ishirini. Alitaka moja, kwa sababu yeye ndiye mkuu, na mimi nikamkatalia. Wako watu Embu ambao mpaka leo wanasema nilikuwa na kichwa kigumu. Sibishani nao. Kilikuwa kigumu kweli, na nilikihitaji.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika chuo cha kilimo kilichokuwa juu kidogo ya mji, pale mashamba ya kahawa yanapoanza. Niliajiriwa kwa majaribio kuangalia kompyuta. Majaribio yakiisha, Mkuu ndiye angeamua kama nitabaki au nitarudi nyumbani Gachoka kuchuma ndengu. Nilitaka kubaki. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokuwa nimependa kitu chochote.

Mtandao wa chuo ulikuwa umegawanywa ndani kwa ndani. Waya zilikuwa zile zile, lakini utawala ulikuwa na mtandao wake, uhasibu wake, maktaba wake, wanafunzi wao, na hata zizi la ng'ombe wa maziwa lilikuwa na wake. Mitandao pepe, ndivyo inavyoitwa. Kila mmoja uliishi kama vile mingine haipo.

Kompyuta haiwezi kuzungumza mtandaoni bila namba. Nilipofika, namba hizo ziliandikwa kwa mkono, mashine kwa mashine, na kila mara mashine mbili zilipewa namba ile ile zikakosana. Nikachoka. Nikaweka seva chini ya ngazi za maktaba, seva ya DHCP, ili yenyewe igawie mitandao yote namba. Kompyuta ikiwashwa hupiga ukelele kuomba namba. Ukelele huo hauvuki mpaka wa mtandao wake, basi kwenye mlango wa kila mtandao, yaani kifaa kinachouunganisha na mingine, kuna wa kuupokea, kuupeleka kwa seva, na kueleza umetoka wapi. Seva hukopesha namba kwa muda, na jibu hurudi kwa mlango ule ule. Anayewahi ndiye anayepewa kwanza. Mlango wenyewe ndio uliokuwa na namba moja katika kila mtandao, na hiyo haikopeshwi mtu.

Lazima niseme habari ya baba yangu hapa, kwa maana kichwa changu kigumu kilianzia kwake. Alikuwa na bucha Gachoka. Kwenye sherehe za nyumbani, mbuzi aligawanywa kwa cheo: wazee sehemu zao, wanaume vijana zao, wanawake zao, na sisi wasichana tukasubiri kitakachobaki. Lakini buchani baba alimkatia aliyefika kwanza. Niliwahi kumwona chifu, na kofia yake, akisimama nyuma ya mama aliyebeba mtoto mgongoni, akingoja robo yake ya nyama kama watu wengine. Baba alinoa tu kisu. Siku ile niliamua ni wapi ninapopapenda zaidi.

Sasa Mkuu. Alikuwa mtu wa Kibirichia, mkulima mkubwa wa viazi, mrefu, mchangamfu ukimsifu. Alikuwa amekwenda kozi fupi ya kompyuta Nairobi na akarudi akijua mahali pa kuona namba ya mashine yake. Aliniita ofisini akanionyesha kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Wewe msichana, hapa mimi ndiye number one. Sasa kompyuta inaniambia mimi ni eighty-seven. Na huyu secretary wangu ni twelve. Hiyo ni heshima gani?"

Nilimweleza habari ya mlango. Nilieleza taratibu, nikaeleza tena, mpaka nikahisi mashavu yanawaka. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Nilipotoka, aliingia mwenyewe kwenye mashine yake na kujiandikia namba moja.

Kufikia saa nne jengo zima la utawala lilikuwa limekwama. Kila kompyuta iliyotafuta mlango iliishia kwenye meza ya Mkuu, na meza ya Mkuu haikujua pa kuipeleka. Mashine zilizowashwa zikapiga ukelele bila jibu. Matokeo ya mitihani hayangeweza kutoka, na wazazi walikuwa wamekaa nje kwenye nyasi wakiyangoja. Maktaba ilikuwa salama, wanafunzi salama, ng'ombe salama. Nilijua mara moja kosa liko wapi. Mkuu alikuwa ametoka kwenda kusalimia wageni, kwa hiyo niliingia ofisini mwake, mbele ya katibu wake, nikaifuta ile namba moja na kuiacha kompyuta iombe kama wenzake. Ikapewa thelathini na tatu. Matokeo yakaanza kuchapishwa.

Aliporudi alisema nimemvua nguo mbele ya katibu. Alisema hivyo hasa, na sauti yake ilisikika hadi kwa wazazi kule nje. Kisha akatoa amri: mkutano wa wafanyakazi wote utakapofika mwisho wa mwezi, nisimame niombe msamaha, la sivyo majaribio yangu yameisha vibaya.

Naibu wake alikuwa mama wa Runyenjes, mwenye moyo mzuri, aliyekuwa akinipa chai ya nyumbani kwao. Alinishauri kama mwanawe. Alisema nimtengee Mkuu namba mbili, iwe yake daima, kwani si seva inaweza? Inaweza. Ni mistari michache tu ya kuandika. Nilikataa. Nilijua kesho yake wakuu wa idara wangepanga foleni, huyu anataka tatu, huyu nne, na mimi ningekuwa nimerudi kwenye mbuzi wa sherehe.

"Basi nunua kreti ya soda, mami," alisema. "Useme tu pole, hii maneno iishe."

Hiyo ndiyo desturi ya maofisini kwetu. Ukikosa, unanunua soda. Nikamwambia soda nitanunua.

Katika mikutano yetu soda zilianzia meza ya mbele. Mkuu, naibu, wakuu wa idara, walimu, kisha nyuma. Wapishi na mchunga ng'ombe walipata nusu chupa, au hawakupata. Siku ya mkutano wa mwisho wa mwezi niliziweka kreti mlangoni, nikakaa kando yake na kifungulio. Wa kwanza kuingia alikuwa mchunga ng'ombe, gumboots zake zingali na mavi. Nikamfungulia chupa. Akaniuliza ni ya kumpelekea nani. Nikamwambia ni yake, akae anywe. Wakaja wapishi, wakaja walimu, naibu akaja na kunitazama kwa huzuni, naye nikamfungulia yake. Nilikuwa nimehakikisha zinatosha.

Mkuu alikuja mwisho, kama wakubwa wanavyokuja. Nikamfungulia chupa, sawa na za wengine wote. Aliishika, akatazama ukumbi mzima ukinywa.

"Sasa hii ndiyo apology?"

"Hapana, Mwalimu. Hii ni soda. Apology sina."

Nilibaki nimemtazama. Alisema polepole kwamba kazi yangu inaisha mwezi huo huo. Niliifikiria ile seva yangu chini ya ngazi, ambayo sasa ingeachiwa mtu mwingine.

"Sawa," nikasema. "Lakini kunywa, Mwalimu. Hakuna aliyekosa."

Akainua chupa, akanywa. Mchunga ng'ombe alikuwa amemaliza yake zamani, na alikuwa akinirudishia chupa.