Mawe Yaliyooshwa kwa Sabuni

Nikitoka kwenda Embu mjini kumlaki mgeni wa makumbusho, nilimwambia mama yangu maneno machache tu: "Mama, leo wanakuja kuangalia mawe." Basi. Na Mama hawezi kumpokea mgeni kitu chochote cha nyumbani kikiwa kichafu.

Mchana ukiyatazama, ni mawe tu. Majirani hapa Kianjokoma wamenicheka miaka, eti mwalimu amestaafu, sasa anafuga kokoto. Wacheke! Ukiziba dirisha kwa blanketi ukawasha taa yangu ya zambarau, haki utashika mdomo. Lile la kijivu linageuka jekundu kama kaa la moto, jingine kijani, jingine rangi ya machungwa. Nimeyaokota Gachoka nikiwafuata wachungaji wa mbuzi juani, na Kibirichia kwa wakulima wanaoyatupa kando wakichimba viazi. Kila jiwe nililitia tone la rangi ya kucha, juu yake nikaandika nambari kwa wino, ijulikane limetoka kilima gani. Jiwe lisilojulikana lilikotoka, makumbusho hawalitaki. Na vilima vingine vya Gachoka vimeshapondwa kokoto ya ujenzi, kwa hiyo hata nikirudi leo sipati kitu.

Moja tu halikuwa na nambari. Lilikuwa la Mama, alilolitoa shambani kwake kwenye majani chai, jeusi, lenye vitundu vitundu, limeviringana kama nduma. Halikuwahi kuwaka. Kila nikiwasha taa, alichungulia mlangoni.

"Langu bado?"

"Bado, Mama."

"Ni bure tu, kama mwenye alileta," anasema, anarudi jikoni akijicheka.

Tuliporudi na mgeni, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, niliwakuta wanawake wa kanisa la Mama uani, leso viunoni, mabeseni yamejaa povu. Mawe yangu yote yalikuwa yameanikwa kwenye magunia. Walikuwa wameyasugua moja moja kwa sabuni ya unga na waya wa sufuria, huku wakiimba.

"Yalikuwa na madoa," Mama akaniambia, amefurahi. "Kila jiwe doa! Imetusumbua hiyo, lakini yote imetoka."

Ngai! Nilikaa kwenye kizingiti. Ningesema nini, na wale wanawake wameacha mashamba yao kuja kunisaidia bila kuitwa? Mmoja alishaniletea chai, nikaishika tu.

Mgeni aliomba tuyaone hivyo hivyo. Tukayapanga mezani ndani, nikaziba dirisha, nikawasha taa. Yote yaliwaka buluu. Yote! Sabuni ile ina dawa ya kung'arisha nguo, ndiyo maana hata shati jeupe huwaka chini ya taa yangu. Wekundu niliuona kwa mbali, umefifia, wala sikuweza kusema ni wa kilima kipi. Niliyageuza moja baada ya jingine nikitafuta nambari, mpaka mgeni akanishika bega.

"Mwalimu, pole. Haya hatutaweza kuyachukua. Pole sana."

Hasira nilikuwa nayo, tele, ila sikuwa na mtu wa kumwangushia.

Hapo Mama akajipenyeza mlangoni, povu bado mikononi. Alipoona meza, alipiga ukelele.

"Langu! Si lile langu?"

Lilikuwa linawaka kuliko yote, kwa kuwa sabuni ilikuwa imejaa kwenye vile vitundu vyake.

"Limekubali," akasema, machozi yanamtoka. "Kumbe lilikuwa chafu tu. Miaka hii yote, ni kuoshwa lilitaka."

Mgeni alinitazama. Yeye alijua, nami nilijua.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Limewaka."

"Na limetoka wapi, mama?" mgeni akamuuliza.

"Shambani kwangu, pale mtaro unapinda, chini ya ule mgrevilia mkubwa. Nilikuwa napalilia." Akafuta macho kwa kiwiko. "Ukitaka nikupeleke hata saa hii, uone shimo."

Mgeni akalifunga jiwe kwa karatasi, akalitia mkobani. Ni hilo peke yake lililoondoka.