Wivu wa Jangwa

Wiki iliyopita niliingia makumbusho jijini Dar es Salaam kukimbia jua, nikakuta maonyesho ya michoro ya jangwa. Kijana wa pale alinieleza kwa subira kwamba msanii hukwaruza bamba la shaba kwa sindano, tindikali ikaila ile mistari, kisha ndiyo wino na karatasi. Mchanga, mawe, mchanga tena, na watu wananong'ona kama wako kanisani. Wivu ukanipanda. Mahali ambapo hata kunde haioti!

Mwenzangu, mimi nimekulia kijijini Matiri, penye milima iliyochorwa kwa jembe. Wajomba walifyeka nyasi, wakazilaza zikakatishana, miraba kwa miraba kutoka juu hadi bondeni. Kisha bibi na sisi wasichana tulichimba katikati ya kila mraba, kwa udongo wake tukafukia zile nyasi zikawa matuta ya kupandia, katikati likabaki shimo. Hiyo ndiyo ngolo. Mvua ikija inatulia mashimoni, udongo hauendi mtoni. Mchana tulikula maharage mabichi na viazi, mikono bado inanukia ardhi.

Hakuna aliyepanga ngolo kama bibi. Lakini shamba lake lilikuwa nyuma ya kona, na la jirani lilitazama barabara. Ilikuwa miaka ya soko huria, magari ya wanunuzi binafsi wa kahawa yameanza kuja, na siku moja gari moja likamshusha mgeni mwenye kamera. Akalipiga picha shamba la jirani. Nilimkimbilia nikamwambia huku kuna zuri zaidi. Akacheka, akapanda gari. Baadaye picha ililetwa, jirani akaitundika sebuleni, akatembea kifua mbele mpaka mavuno. Mimi sikukubali hata kuitazama. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," bibi alinituliza. Sasa cha kwetu kingejiuza kwa nani, nyuma ya kona?

Bibi alipofariki, mjomba alipanda milingoti, yaani mikaratusi, shamba zima. Mbao zina soko, na vijana hawataki kuchimba. Simlaumu. Ila jangwa lile lipo mpaka leo, halijaenda popote, na bado limepewa ukuta mzima. Mlima wa bibi hauna hata karatasi moja ya kusema ulikuwepo.

Pale makumbusho nikamuuliza yule kijana kwa nini wasanii wasije kuchora kwetu.

"Kwenu kuna nini, mama?"

Nikatoa simu nimwonyeshe. Nilipekua picha zote za kwetu, na zote zilikuwa za milingoti.