Mahari pa Dhahabu

Kwanza mnisamehe mwandiko, unaolala upande kama mtama uliopigwa na mvua, na tahajia pia. Popote mtakapoikuta R imekaa kwenye kiti cha L, iondoeni tu. Mdomo wangu umekulia ndani ya Kisukuma, hauzitenganishi herufi hizo mbili, na mkono unaufuata mdomo. Kosa hilohilo ndilo lililoniharibia kitabu changu cha kwanza.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kisha nikasoma uchoraji kwa njia ya posta mpaka nikapata cheti. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, karatasi ikitafutwa kama sukari. Nilichora hadithi ya picha. Mchimbaji anazunguka machimbo yote akitafuta dhahabu, kumbe mwamba wenye dhahabu umepita chini ya mafiga ya mama yake, na mama hataki jiko lake libomolewe. Mama huyo nilimchora nikimtazama mama yangu mwenyewe. Nilitaka kitu kimoja tu: watu wamwone, na waone kukataa kwake.

Karani wa chama cha ushirika aliniruhusu kutumia mashine ya kurudufia Jumamosi moja. Nilichora juu ya stensili kwa kalamu ya chuma, polepole, kama ninavyoandika sasa. Kwenye jalada nilikusudia kuandika MAHALI PA DHAHABU. Chini yake nikaweka, kwa madaha, "Mhitimu wa Uchoraji". Nikarudufu mpaka wino ukaisha, nikashona kurasa kwa uzi.

Siku ya gulio, Nyarugusu kwetu machimboni, nilitundika kurasa kwenye kamba barazani kwa fundi cherehani, mzee wa mjini ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama pindo zake. Alivaa miwani akasoma jalada kwa sauti.

"Mahari pa dhahabu. Kijana, bibi harusi yuko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Hakuna bibi harusi. Ni mahari."

"Marahaba. Ndiyo nakuuliza, mahari ya nani?"

"Mahari! Pare... pare dhahabu iripo."

Kila nilipoeleza nilizidi kuharibu. Wachimbaji wakaanza kujaa.

"Mahari ya dhahabu! Kwani kwao ng'ombe wameisha?"

"Ndiyo maana kashuka shimoni, maskini. Binti wa watu ghali huyo!"

Mama mmoja muuza karanga alifika kwenye ukurasa wa mafiga, akaziba mdomo kwa kanga. "Mayu, mama wee! Anachimba jikoni kwa mama mkwe wake!"

Basi, ikawa hivyo. Mama mkwe, mtu ambaye kwetu hata njiani unampisha kwa mbali, eti anachimbiwa jiko! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Walinunua, wakaenda kuwaita wenzao, nao wakaanza moja kwa moja kwenye ukurasa wa mafiga bila hata kupita kurasa nyingine. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya cherehani.

"Ni mama yake mzazi," nilisema. Cherehani iliunguruma kunishinda. Hakuna aliyegeuka. Nilirudia mara ya pili, fundi akaniambia, "Usijisumbue, kijana. Ya mkwe ni nzuri zaidi."

Ya mkwe ni nzuri zaidi! Miezi yote ile, na cheti juu.

Mchana mama yangu alipita akitoka kuuza viazi. Yeye hajui kusoma. Alitua ungo, akaanza kwenye picha ya kwanza, akaenda moja moja bila kumuuliza mtu. Kwenye mafiga akasimama.

"Huyu ni mimi," alisema. "Na chungu changu kile chenye ufa. Amekuja kubomoa, nami nimemkatalia. Vizuri."

Nilitaka kulia. Mtu mmoja, angalau, ameiona hadithi yangu. Ndipo akanivuta mkono pembeni, akashusha sauti.

"Lakini huko sokoni wanasema unaoa. Mbona hukuniambia? Na hiyo dhahabu ya mahari utaitoa wapi, wewe?"

Nakala zile zilitawanyika, nasikia nyingine zilifika Katoro na hata Kahama. Kama unayo moja nyumbani, tafadhali chukua kalamu uifanye ile R iwe L. Kisha mpe mtu asiyejua kusoma, usimwambie lolote, azitazame picha. Niandikie aliyemwona ni mama au ni mkwe. Nitajibu, ila mnivumilie, naandika polepole.