Ramu ya Jiwe la Euthalia

Kisiwani Carriacou, huko Karibi, jiwe la kaburi haliendi makaburini kabla halijanyweshwa. Hunyunyiziwa maji, halafu ramu nyeupe, ile kali isiyotaka mzaha. Na ramu hiyo lazima Canute Cudjoe aionje kwanza. Ikiwa imetiwa maji, anaitema, na aliyeileta anairudisha alikoitoa, maana kuwapa wafu ramu dhaifu ni kuwatukana.

Canute alikuwa fundi wa mashua. Karata alicheza vibaya, kununa alinuna vizuri, lakini watu walimjua kwa ulimi wake. Akipiga funda, hufumba jicho la kushoto, hujipiga kifua na kusema, "Huyu ana meno!" Hapo ndipo ngoma huanza.

Siku hiyo jiwe lilikuwa la mkewe, Euthalia. Lilikuwa limelazwa kitandani chumbani, limefunikwa shuka. Uani mbuzi alikuwa anatokota na mbaazi zimeshaiva. Canute alikaa akipangusa viatu visivyo na vumbi. Tangu alipougua mafua hakuwa akipata ladha ya kitu. Kahawa, samaki wa chumvi, vyote sawa na kutafuna karatasi. Hakumwambia mtu. Akisema, ramu ya Euthalia itaonjwa na mwingine. Asiposema, huenda akamnywesha mkewe kitu cha aibu.

Merlina, mdogo wa marehemu, akatokea na sinia. Juu yake bilauri mbili zinazofanana, moja ya maji, moja ya ramu.

"Haya shemeji, onja, watu wana njaa."

Canute akachukua iliyokuwa karibu, akaimimina yote kooni. Hakuna kitu. Hata kule kuwasha hakukuwepo. Mungu wangu, akawaza, sasa hata moto umenikimbia. Lakini watu wote uani walikuwa wanamtazama. Akafumba jicho, akajipiga kifua.

"Huyu ana meno!"

Merlina akaitazama bilauri, akamtazama yeye.

"Shemeji, hayo ni maji."

"Maji?"

"Maji! Na kifua umejipiga!"

Norlan, mpiga ngoma, nusura aanguke na ngoma yake. "Maji yana meno! Mwiteni daktari wa meno!"

Walicheka mpaka mbwa wakabweka. Canute akainamisha kichwa. Merlina akasogea, sauti chini.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Na supu yangu uliyoisifu Jumapili?"

"Ilikuwa... ya moto."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Canute akasimama. "Leteni barafu."

Wakaelewa. Kwenye ramu iliyochakachuliwa barafu huelea kama bata, kwenye ramu ya kweli huzama. Kipande kikatumbukizwa katika bilauri ya pili, vichwa vikagongana kuchungulia. Kikashuka moja kwa moja hadi chini.

"Barafu haina mafua," akasema Merlina. "Lakini mwonjaji ni wewe. Kunywa."

Akanywa. Ladha hakuna, ila moto ulishuka kooni, ukapita tumboni, ukafika magotini. Jicho la kushoto likajifumba lenyewe. Safari hii hakuna aliyecheka, na Norlan akaanza kupiga ngoma bila kuambiwa.

Canute akaingia chumbani, akafunua shuka. Akanyunyiza maji, halafu akaumiminia ramu ule mstari wa jina.

"Inatosha, shemeji," Merlina akamwambia kutoka mlangoni. "Utamlewesha!"

"Huyu? Alikuwa ananishinda kunywa," akasema Canute, akamwongezea.