Harufu ya Chakula ya Shimo

Upande wetu wa Luano, baridi ya mwezi wa sita inakuja na njaa ya ng'ombe. Majani yanakauka, asubuhi umande unaganda mweupe, na ng'ombe wa maziwa anabaki kulamba udongo. Njo maana wakati wa mvua, sisi wafanyakazi wa shamba tulikuwa tunakata mahindi mabichi pamoja na majani yake, tunayakatakata vipande vidogo, tunayatupa mu shimo refu pembeni ya kichuguu. Tunayakanyaga na miguu mpaka yanashikana kama tofali, halafu tunafunika na udongo. Baridi ikifika, tunafungua. Tuliiita chakula ya shimo.

Nilipenda ile kazi. Mule ndani mulikuwa na joto. Nilivua viatu, nikasimama juu ya yale majani, miguu inapata raha, na miye ninawaza shamba yangu mwenyewe, ng'ombe wawili wekundu, na bibi yangu amesimama kwenye mulango. Bibi wa kuoa nilikuwa nimekwisha kumuchagua. Kilichobaki ilikuwa mama yake.

Sasa, ile chakula inanuka. Inanuka tamu na kali pamoja, sawa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, uliolala siku nyingi mu chungu, na lutuku kidogo juu yake, ile pombe kali. Kapita wetu, musimamizi wa kazi, alituonya tukamue kwanza ndipo tulishe, kwa sababu ukigeuza, maziwa nayo inanuka. Lakini miye sikuwa maziwa ya kufunika mu bidoni. Harufu iliingia mu nywele, mu kucha, na zaidi mu koti. Koti nilikuwa nayo moja tu, na baridi ilikuwa kali.

Siku ya Mungu, kiisha misa, nilikwenda kwao. Mama yake alinipa kiti, akainama karibu yangu, akavuta pumzi.

"Mwana, unakunywaka mbele ya misa ao kiisha misa?"

"Mama, pombe sikunywaka. Ni chakula ya ng'ombe."

"Ng'ombe yako njo inakunywa, na weye njo unanuka."

Binti yake alikimbia nyuma ya nyumba, kucheka. Lakini mama hakuwa anachekesha. Binti yake wa kwanza aliolewa na mulevi, akarudi nyumbani na mutoto mugongoni na jino moja limevunjika. Wa pili, mama alisema, hatakwenda kwa muntu wa chupa. Basi akanisindikiza mpaka kwenye njia, polepole, na heshima yote, akaniambia nisirudi.

Nilioga na sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikauma. Binti, niliyekuwa namuita moyoni Mukamaria kama mwali wa kwenye picha ya kanisa, alinitumia habari: leta yale majani, mama anuse yeye mwenyewe. Nikaleta fungu mu kitambaa. Mama akanusa.

"Njo ile ile," alisema. "Umeichovya mu lutuku."

Nilimuomba kitu kimoja tu, afike shambani siku moja, siku atakayotaka mwenyewe.

Alikuja bila kuniambia, asubuhi, na binti yake, amejifunika kitenge mpaka masikioni. Miye nilikuwa mu shimo, nimewapa mugongo. Mule pamoja na miye mulikuwa na ng'ombe mumoja muzee, meno yamekwisha, na kila asubuhi nilimuchagulia vipande laini na mukono, natupa pembeni vyenye kuoza.

"Kula, mama yangu," nilikuwa namuambia. "Hii haina bua gumu la mahindi. Kula polepole, hakuna mwenye kukufukuza."

Nikasikia muntu anakohoa. Mama alikuwa amesimama pale juu, anatetemeka na baridi. Alishuka, akavua viatu, akasimama juu ya majani. Kiisha akaingiza mikono miwili ndani mpaka kwenye kiwiko, akafunga macho.

"Iko moto," alisema.

Akakaa vile muda murefu. Ng'ombe muzee akaja kumulamba mukono, na yeye akamuachia. Alinisaidia kuchagua vipande mpaka kikapu kikajaa, halafu akaondoka na binti yake, bila kunipa jibu. Sikula muchana ule.

Jioni, binti alinifikia mbio, hana pumzi, na kicheko kinamushinda. Walipofika kwenye site, mutaa wao, majirani walikuwa wanaota jua. Mumoja alivuta pua, akauliza, "We mama, asubuhi yote hii umekwisha kulewa?"

Mama yake alisimama katikati ya njia, kitenge chote kinanuka.

"Sikulewa," aliwajibu. "Natoka kulisha ng'ombe ya mukwe wangu."