Mwenye Kuniita Mama

Tulikuwa na msiba nyumbani ambao mama alikataza usiitwe msiba.

Kaka yangu alikuwa creuseur, mchimbaji wa mikono, kwenye mashimo ya kando ya Musonoi, mtaa wetu hapa Kolwezi. Udongo uliporomoka asubuhi, watu mtaani wakiwa bado wanakunywa chai. Wenzake kadhaa walitolewa. Yeye hakutolewa. Mmoja alisema alimwona akishuka. Mwingine akasema hapana, aliondoka jana yake kwenda Likasi kutafuta kazi nyingine. Maneno ya huyu wa pili ndiyo mama aliyoyashika. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi sikuwa na moyo wa kumbandua vidole.

Mjomba, kaka yake mama, alikuja kumshauri. Yeye ni mtu wa malori, mzaliwa wa Maniema kama mama, na amezoea kusema jambo mara moja na kuondoka. Alisema tumswalie kijana swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, ili naye apumzike na sisi tupumzike. Mama alikuwa karibu kukubali. Niliona mabega yake yakishuka. Kabla ya Ijumaa kufika, ujumbe ukaingia kwenye simu yake.

"Mama, ni mi. Telefone yangu ilipotea. Fungua hapa unione."

Chini yake palikuwa na anwani ya mtandao, ile mistari ya rangi ya bluu ambayo hapa kwetu watu huibonyeza kwanza halafu ndipo huuliza. Mjomba aliporudi alimkuta mama ameishika simu kwa mikono miwili.

"Salaa ya nini?" mama alimwambia. "Utamuombea namna gani mutu mwenye ananiandikia?"

Mjomba alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeileta mitandao Kolwezi.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa ya kungoja. Mama alinituma kila mara nimnunulie megas, vifurushi vya intaneti, ili picha ifunguke. Alibonyeza, simu ikazunguka, ikazunguka, ikakwama. "Ni rezo," alisema, akiulaumu mtandao. "Mama, niwekee megas kidogo tu, nione uso yake." Huku kwetu mzazi humwita binti yake mama kwa mapenzi, na mama yangu akitaka kitu huniita hivyo kwa sauti laini kabisa. Nilikataa. Nilimwambia huo ni wizi. Akaniangalia kama mtu aliyetukaniwa mtoto, akaenda kuziomba megas kwa jirani. Heri simu yake ilikuwa nzee kiasi kwamba iliwashinda hata wezi.

Mimi nilijua si yeye kwa sababu moja tu. Kaka yangu hakuwahi kumwita mama, mama. Alizaliwa mama akiwa bado msichana nyumbani kwao, na bibi akamchukua mtoto akamlea kama wake, ili watu wasiseme. Akakua akiwasikia wajomba na mama wadogo wakimwita mama yangu yaya, yaani dada mkubwa, naye akamwita yaya. Baadaye aliambiwa ukweli, akaja kuishi nasi Kolwezi akiwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea. Yaya, chai. Yaya, nimerudi. Majirani wakadhani ni mdogo wake, na mama hakuwasahihisha. Nilimwona mara nyingi akisita kidogo kabla ya kuitikia, kama mtu anayesubiri neno jingine lije nyuma ya lile.

Kazi yangu ni kulinda kompyuta za kampuni ya usafirishaji, malori yanayobeba mizigo kutoka machimbo ya Mashamba na Kingamyambo kupeleka mpakani. Mtu akisikia neno kulinda hudhani ninashika bunduki. Ninashika kikombe cha chai, na adui zangu wote huja kwa barua pepe. Wiki zilezile za kungoja, mkuu wangu alinipa kazi mpya. Kampuni ilikuwa imepata wakala wa akili bandia, programu unayoielekeza kwa maneno ikafanya kazi yenyewe. Nilitakiwa nimuunganishe na huduma inayokusanya habari za hatari za mitandaoni kutoka dunia nzima: anwani za matapeli, mafaili yenye virusi, tovuti bandia. Akishaunganishwa, ukimuonyesha anwani yoyote unayoishuku, anakwenda kuuliza kule na kukuletea habari zake.

Kazi hiyo haina vitufe vya kubonyeza. Ni dirisha jeusi tu, unaandika mstari wa amri, mashine inakujibu mstari. Niliandika amri ya kuiongeza ile huduma, nikabandika ufunguo wa siri tuliopewa, ikanijibu kwamba hainitambui. Nikarudia, hainitambui. Umeme ukakatika, ukarudi. Nikaitukana kwa Kiswahili cha Musonoi, ambacho nilitumaini haijafundishwa, na ndipo nikaona nafasi tupu iliyojipenyeza mwishoni mwa ufunguo. Nikaifuta. Ikanipokea kama mgeni wa heshima.

Ukishaunganisha sharti ujaribu, na kwa majaribio unahitaji anwani mbaya. Wenzangu wana zao walizozoea. Mimi nilitoa simu yangu, ambamo nilikuwa nimeuhifadhi ule ujumbe wa mama, nikaiandika anwani ile herufi kwa herufi. Nikamwagiza wakala: iulize huduma kuhusu anwani hii, uniambie ni ya nani.

Nilikuwa nalijua jibu. Nimesomea mambo haya, nimewafundisha madereva wasibonyeze vitu vya namna hii. Na bado, vidole vikiwa juu ya kibodi, niliomba mashine ishindwe. Niliomba iniambie kwamba anwani hii haina sifa mbaya yoyote, ni ya mtu wa kawaida tu, kijana mmoja aliyeko Likasi aliyepoteza simu. Nilitaka kuaibishwa na kompyuta. Sijawahi kutaka kitu kwa nguvu namna hiyo.

Jibu lilikuja kwa Kifaransa safi. Anwani ilikuwa imesajiliwa karibuni. Ilikuwa imeripotiwa na watu wengi. Ilikuwa ikiiga ukurasa wa kutuma pesa kwa simu ili iibe namba ya siri. Ujumbe wenye maneno hayohayo ulikuwa umeonekana kwingine kwingi, kwa Kiswahili, kwa Kilingala, kwa Kifaransa: Maman, c'est moi. Kiwango cha uhakika kilikuwa juu. Mwishoni wakala aliuliza kama aizuie anwani hiyo kwa watumiaji wote.

Nililia pale mezani, na aliyekaa karibu nami akajifanya anatafuta kitu chini ya meza yake. Nilikuwa sijamlilia kaka yangu tangu shimo lilipoanguka. Kumbe na mimi nilikuwa nikingoja, nimejificha nyuma ya mgongo wa mama, huku nikimcheka kwa ajili ya megas zake. Wakala alikuwa bado anasubiri jibu. Nikaandika ndiyo, na mkuu wangu alipopita nikamwambia imeunganika vizuri.

Nilimkuta mama uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilikaa kwenye kigoda, nikamweleza yote kwa upole ambao kwa kawaida sina: ile huduma, wale mama wengine waliotumiwa maneno yaleyale, namba ya siri iliyokuwa ikitafutwa. Hakuacha kutwanga.

"Mama, haiko yeye," nikasema. "Yeye alikuwa anakuita yaya."

"Mi najua. Mi njo nilimuzaa."

"Sasa juu ya nini ulikuwa unangojea?"

Hapo akauacha mchi usimame ndani ya kinu.

"Mutu akiwa mu shimo, udongo inamufunika, atalia nani?" alisema. "Hawezi kulia yaya. Atalia mama. Nilisema, kama alitoka mule muzima, njo ile neno alitoka nayo."

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nilikuwa nikiusema msemo huo kwenye matanga ya watu kama mtu anayetoa salamu. Nilichukua mchi nikaendelea kutwanga kwa sababu majani yalikuwa yametwangwa nusu, na chakula kilikuwa bado kinahitajika. Baadaye alifuta mikono kwenye kitenge, akanipa simu.

"Mufunge," alisema. "Na uite mujomba yako."

Nikaifunga ile namba isituandikie tena.

Ijumaa msikitini wanawake tulikaa nyuma ya pazia. Baada ya swala, sheikh aliwaomba watu wasiondoke. Alisema tuna ndugu yetu aliyebaki ardhini, maiti yake haikupatikana, tumswalie. Kama watu wote wa mtaa, sheikh alijua kile alichoachwa ajue. "Huyu," alisema, "ni mudogo wa mama yetu wa hapa Musonoi."

Mama alisimama. Mama yangu hapandishi sauti hata sokoni, akipunjwa huondoka tu. Niliishika nguo yake, akaitoa mkononi mwangu bila kuniangalia.

"Sheikh," alisema, na wanaume wote upande wa pili wakasikia. "Haiko mudogo yangu. Ni mutoto yangu. Mi njo mama yake."

Mjomba alikuwa safu ya mbele. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona akiinamisha kichwa, asigeuke. Sheikh akasema, "Utusamehe, mama." Akaanza upya, akamtaja kaka yangu kama mwana wake, watu wakanyoosha safu, tukamswalia.