Siku Bibi Aliposomwa Redioni

Enzi zetu kule Matiri redio haikuwashwa hivihivi kama simu zenu hizi. Ilikuwa na maandalizi yake. Betri zilianikwa juani tangu asubuhi, na zikigoma tuliziuma kwa meno zipate nguvu. Waya wa antena ulipandishwa kwenye mparachichi. Kisha Baba alizungusha kitufe polepole, ulimi nje, mpaka mtangazaji ajitokeze katikati ya mvumo, na sisi tukapiga makofi.

Wengine walisikiliza habari na mpira. Bibi Yustina, mama yake Baba, alisikiliza kelele. Ule mvumo wa shiii usiokatika hakuujali. Lakini redio ikilia krr! mara moja, kavu, ikanyamaza, halafu krr! tena, alisimama na kuita, "Kahawa!" Maana radi imepiga mbali, huko upande wa ziwa, na redio imeidaka kabla wingu halijaonekana. Tulitimua mbio hadi kwenye chanja ilikoanikwa kahawa, tukaifunika kwa maturubai huku tukisukumana na kucheka. Mvua ilipofika ilitukuta jikoni tunakula kande za moto. Kahawa yetu haikulowa, na Bibi alijivuna kwelikweli.

Sasa kaka yangu Festo, mtundu kupita kiasi, akagundua kwamba ukigusagusa ncha za betri kwa kipande cha waya karibu na redio, nayo inalia krr vilevile. Siku moja ya jua kali akajibanza nyuma ya ukuta na vitu vyake. Ukoo mzima tukafunika kahawa, tukakaa kungoja mvua huku jua likituchoma visogo. Alipokamatwa, Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Baba hakucheka. Tangu hapo kila redio ilipolia krr alisema, "Festo huyo!"

Basi Shangazi Oresta, aliyeolewa Lituhi, akatuma kadi ya salamu redioni, kisha akamwagiza mama mmoja muuza dagaa atuambie: Jumamosi mchana jina la Bibi litasomwa. Bibi hakuwahi kusikia jina lake likitajwa mbele za watu, isipokuwa kanisani. Siku hiyo alivaa kitenge kipya akakaa mbele kabisa, na majirani wakajaa nyuma yake. Salamu zikaanza. Wakasomwa watu wa Litumbandyosi, tukashangilia utadhani ni ndugu zetu. Halafu, krr!

"Festo huyo!" Baba akasema. "Mama, kaa. Zamu yako imekaribia."

Bibi akatazama chini. Festo alikuwa mkekani, miguuni pake, mikono mitupu, macho yamemtoka.

"Festo si huyu hapa? Kahawa!"

Akatoka wa kwanza, na kitenge chake kipya. Nani angebaki? Tulitoka wote, na majirani. Tulipofunika turubai la mwisho matone manene yalikuwa yameshaanza, na tuliporudi ndani mtangazaji alikuwa anasalimia watu wa kijiji kingine.

Mimi nililia. Bibi, kalowa chapachapa, alikuwa anacheka. Kesho yake kanisani watu wakampangia foleni: "Shikamoo Bibi! Tumekusikia redioni!" Naye akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nimesomwaje?" Kila mmoja akasimulia na kuongeza chumvi, hata salamu za Shangazi zikawa ndefu kuliko mahubiri. Nilipomuuliza kama haikumuuma kutojisikia, alinijibu, "Walionisikia si wapo?"

Leo nafanya kazi ya kusafisha sauti zilizorekodiwa, hapa Mbinga mjini. Yale mapigo ya ghafla ya krr tunayaita kelele, na kompyuta yangu inayatafuta moja moja na kuyafuta. Wanangu nao hutia vispika masikioni, muziki umetakata kama maji ya chemchemi, na mvua inalowesha nguo kwenye kamba wakiwa palepale uani. Nawatania, nao wananiambia mvua siku hizi iko kwenye simu. Sawa, lakini nguo zimelowa.

Nimesafishia watu sauti za harusi, za kwaya na za wazee wao. Ile ya Jumamosi ya Bibi hakuna aliyeirekodi, nami naitamani mpaka leo. Ningeipata, ningeondoa mvumo wote ili jina la Bibi lisikike vizuri. Zile krr ningeziacha. Ndizo zilizomwinua.